Meza ya paleti inamwaga unga, na mama mkwe yuko njiani

Mpendwa Mshauri,

Nakuandikia kutoka Umoja, ambako mimi na mume wangu tulihamia mwezi wa Aprili baada ya kuishi mwaka mzima katika chumba kimoja Kayole. Nyumba tuliyopata ina chumba cha kulala, jiko na sebule, na kwa kuwa pesa zetu nyingi ziliishia kwenye deposti na kodi ya mwezi wa kwanza, niliamua kwamba vyombo vya sebuleni nitavitengeneza kwa mikono yangu. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa mbao, kwa hiyo kushika nyundo si jambo geni kwangu, na hupata furaha kubwa nikiona kitu kilichotupwa kikirudi kutumika.

Nilinunua paleti nne, yale majukwaa ya mbao ya kupakia mizigo, Industrial Area kwa shilingi 600 kila moja. Nusu ya mbao zilipasuka nilipokuwa nikizing'oa kwa mtaimbo, ila zilizosalia nilizipiga msasa kidogo, nikaunda meza ya kahawa, nikaipaka rangi nyeupe iliyoachwa na mafundi waliopaka kuta za nyumba kabla hatujaingia. Wiki ya kwanza ilipendeza mno, hata jirani akaja kuipiga picha. Wiki ya tatu kikombe cha chai ya moto kiliacha duara lisilotoka, kisha rangi ikaanza kubanduka kama maganda ya kitunguu. Sasa kila asubuhi ninafagia unga laini wa manjano chini ya mguu mmoja, na nikiutazama mguu huo kwa karibu naona vitundu vidogo kama vilivyotobolewa kwa pini.

Mume wangu hakusema neno hadi Jumamosi moja wenzake wa kazini walipotutembelea, na mmoja wao akauliza kama tunaishi hapa au tunahifadhi mizigo. Tangu siku hiyo anataka tuchukue seti ya makochi kwa malipo ya kila mwezi, naye amekwisha kuulizia mkopo wa simu wa kulipia awamu ya kwanza. Mimi nilikuwa nimepanga kuunda kochi kwa paleti mbili mbili zilizopandanishwa na godoro juu yake. Nimenunua pia matairi mawili ya kuunda stuli, na nilitaka kutundika rafu ukutani, lakini keateka, yaani mtunzaji wa jengo, amesema mwenye nyumba hataki msumari hata mmoja.

Mama mkwe wangu anakuja kutoka Mwatate mwishoni mwa Agosti akae nasi hadi nijifungue, kwani tunatarajia mtoto wetu wa kwanza mwezi wa Oktoba. Shangazi yangu amenipa kitanda cha mbao ambacho watoto wake wote walikilalia walipokuwa wachanga, chenye upande mmoja unaoteremshwa. Kimepakwa rangi mara nyingi, nami nitakipiga msasa likizo hii na kukipaka upya.

Je, niendelee na kazi yangu au nimkubalie mume wangu? Sitaki mama aingie katika nyumba inayofanana na ghala, wala sitaki tuanze kulea tukiwa na deni.

Mama Mtarajiwa, Umoja

JIBU

Binti yangu,

Kitanda cha mtoto umekitaja mwishoni na kwa maneno machache, lakini mimi nitaanza nacho, kwa sababu katika vyombo vyote ulivyonitajia hicho ndicho kinachonitia hofu. Tafadhali usikipige msasa. Rangi nyingi za zamani, hasa zile za mafuta zenye mng'ao, zilitiwa madini ya risasi, na kikomo cha sehemu 90 kwa milioni ambacho Kenya imekiweka kwa rangi ni cha miaka ya karibuni tu. Msasa mkavu huigeuza rangi ya aina hiyo kuwa vumbi ambalo hukaa kwenye pazia, kwenye zulia na mikononi. Mama mjamzito akilivuta au kulimeza, risasi huingia katika damu yake na kumfikia mtoto tumboni, na Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Kupaka rangi mpya juu ya ile ya zamani nako hakutoshi, maana mtoto anayeota meno hutafuna ukingo wa kitanda chake hadi mbao ionekane.

Hata kama rangi isingekuwa na neno, huo upande unaoteremshwa ungenifanya nikukataze. Marekani ilipiga marufuku kutengeneza na kuuza vitanda vya namna hiyo mwaka 2011 baada ya watoto kufa, kwani skrubu na reli za upande ule zikilegea kwa miaka ya kupandishwa na kushushwa, hutokea mwanya ambamo mtoto hunasa kati ya mbao na godoro. Mshukuru shangazi yako kwa moyo wake, mweleze sababu bila kuzungukazunguka, na kitanda kibaki kwake bila kutumiwa tena na mtoto yeyote. Wala mbao zake zisije zikachomwa jikoni, kwa kuwa moshi wa rangi hiyo nao ni sumu. Utakaponunua au kuundiwa kingine chenye pande zisizosogea, pima mwenyewe. Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6, yaani kopo la kawaida la soda lisipite, na kati ya godoro na ubavu wa kitanda pasiingie vidole zaidi ya viwili. Pesa mlizo nazo, nawaomba mzitenge kwanza kwa ajili ya kitanda hiki kabla ya chombo chochote cha sebuleni.

Sasa tuje kwenye meza, ambayo nakuambia kwa dhati kwamba haikuharibika kwa sababu ilitokana na paleti. Iliharibiwa na mambo mawili ambayo baba yako, Mungu amrehemu, angeyaona mara moja. La kwanza ni rangi. Ile iliyoachwa na mafundi ni rangi ya maji ya ukutani, ambayo haikuundwa ibebe kikombe cha moto wala kusuguliwa kwa kitambaa kila siku, nawe uliipaka juu ya mbao ambayo bado ilikuwa na mafuta na vumbi la safari zake, bila andakoti ya kuishikilia. Huenda pia mbao zenyewe zilikuwa mbichi, kwa maana ulizinunua katikati ya mvua za masika na paleti hukaa nje uani. Mbao yenye maji hukisukuma nje chochote kinachoizibia njia, na ndiyo sababu rangi ikajibandua vipande vipande.

Ukitaka kujua kama mbao imekauka, usitegemee kuigusa tu, kwani uso hukauka haraka huku moyo ukiwa umeloa. Chukua kipande kimoja, kipeleke kwa mwenye duka akupimie kwenye mizani, uandike uzito wake kwa penseli juu ya kipande chenyewe, kisha kirudishe kivulini pamoja na wenzake wakiwa wamepangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite. Kipime tena kila wiki. Siku uzito utakapoacha kupungua ndiyo siku ya kuanza kazi, na katika baridi hii ya Julai hapa Nairobi usishangae ikichukua wiki tatu au zaidi. Usizianike juani kwa pupa, zitapindana na kupasuka kwenye ncha.

La pili ni huo unga wa manjano. Hao ni wadudu wanaobungua mbao, na vitundu unavyoviona ni milango waliyotokea baada ya kukaa ndani kwa miezi mingi, pengine miaka, wakila. Rangi haiwaui. Fagia chini ya mguu huo, tandaza karatasi nyeusi, na uitazame baada ya siku tatu. Ukikuta kichuguu kipya cha unga, ung'oe mguu mzima na utoe nje ya nyumba siku hiyo hiyo kabla wadudu hawajahamia mlangoni au kwenye kitanda chenu. Usikimbilie dawa ya mbao ukiwa katika hali uliyo nayo. Mguu mpya wa saiprasi iliyokauka, uliokatwa na seremala wa mtaani, hautawatoa jasho. Meza iliyobaki itazame kwa mwezi mmoja kabla ya kuipaka tena.

Kuhusu paleti zilizosalia, nenda nazo mwangani uzisome. Zile zinazosafirisha bidhaa kati ya nchi hupigwa muhuri wenye picha ya suke la ngano na herufi IPPC, yaani mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea, kwa mujibu wa kanuni ya kimataifa iliyopitishwa mwaka 2002, na ndani ya muhuri huo mna herufi mbili za nchi, ambazo kwa Kenya ni KE, kisha herufi za namna mbao ilivyotibiwa. HT maana yake ilitiwa joto hadi moyo wa mbao ukafika nyuzi joto 56 za Selsiasi na kudumu hapo kwa dakika 30 mfululizo. MB maana yake ilifukizwa kwa gesi ya methili bromaidi, ambayo ni sumu, na hiyo sitaki iingie katika nyumba ya mtoto. Isiyo na muhuri wowote huenda ilizunguka humu humu nchini tu, wala si mbaya kwa hilo peke yake. Ila muhuri hauelezi paleti ilibeba nini baadaye, wala hauzuii wadudu wapya kuingia baada ya ule moto. Kwa hiyo inuse. Ikiwa na doa jeusi la mafuta, au harufu ya dawa za shamba, iache, hata kama umekwisha kuilipia shilingi 600.

Mbao zako zilipasuka kwa sababu misumari ya paleti mara nyingi imesokotwa kama skrubu, hivyo mtaimbo huvunja mbao kabla msumari haujakubali kutoka. Chukua ubapa wa msumeno wa chuma, uupenyeze kati ya mbao na gogo lililo chini yake, na ukate msumari hapo hapo. Kichwa chake kitabaki ndani ya mbao kama kitone cheusi, na mimi hukipenda kitone hicho kuliko mbao isiyo na alama. Kisha piga msasa namba 80, halafu 120, halafu 240, ukifuata nyuzi za mbao wala si kuzikata, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, paka andakoti moja na rangi ya mafuta au vanishi mara mbili. Katika baridi hii kila mkono wa rangi upewe usiku mmoja na mchana wake kabla ya mwingine.

Kazi hii ya msasa na rangi, binti yangu, si yako kwa miezi hii. Vumbi la mbao na mvuke wa thina havikufai, hata ukivaa barakoa. Ni ya mume wako, na hapa nina neno. Nimeisoma barua yako mara mbili, nikaona umeandika kwamba ulinunua, uling'oa, ulipiga msasa, uliunda na ulipanga. Hapana mahali ulipoandika kwamba mlipanga. Yeye alialikwa kuitazama meza tu, na mtu aliyealikwa kutazama huaibika upesi mgeni anapocheka, kwa sababu hana jasho lake ndani ya kitu kile la kulitetea. Mpe muhuri ausome, mpe msumeno, na mkubaliane naye kuhusu rangi hata ikiwa atachagua isiyokupendeza sana.

Kuhusu kochi, mume wako ana haki kuliko unavyodhani. Paleti ya kipimo cha Ulaya ina kimo cha sentimita 14 na nusu hivi na uzito wa kilo 25 hivi. Ukipandanisha mbili na kuweka sponji ambayo itabonyea ukikaliwa, kiti chako kitakuwa na kimo cha sentimita 35 au karibu na hapo, wakati kiti cha kawaida hufika 42 hadi 45. Hebu fikiria wewe mwezi wa Septemba ukijaribu kuinuka hapo, na mama mkwe wako mwenye magoti ya umri wake akijaribu kuinuka kando yako. Kochi la paleti ni la vijana wasio na haraka ya kusimama.

Hata hivyo seti ya mkopo nayo siiungi mkono, kwa vile Oktoba itakuja na gharama zake ambazo hazitasubiri. Tafuteni makochi ya zamani yenye mbao madhubuti, ambayo kitambaa kimechakaa na sponji imelala. Watu wanaohama huyauza kila mwisho wa mwezi. Mkalie kila moja na kujitupa kidogo, mshike mkono wa kiti na kuutikisa, mlipindue mwone tumbo lake. Kisha mpeni fundi wa makochi, awe wa Gikomba au wa kando ya Ngong Road, alivue, na mwende kuliona likiwa limebaki mifupa kabla hajalivisha tena. Mkiruka hatua hiyo mtakuwa mmenunua kitambaa tu, kwani chini ya kitambaa kizuri fundi asiye mwaminifu huweza kuficha vipande vya mbao vilivyounganishwa kwa misumari miwili. Sponji muichague wenyewe: ibonyeze kwa goti, na ile inayorudi mara moja ndiyo ya kukalia, laini zaidi iwe ya mgongo. Mito na foronya zake shona wewe kwa mabaki ya kitenge au kikoi, ukiweka zipu ili zifuliwe, maana mtoto yuaja.

Kabla kochi lolote la zamani halijavuka kizingiti chenu, limulikeni kwa tochi kwenye mishono na kwenye pembe za mbao, mkitafuta vitone vyeusi vya kunguni. Ninalisema hili nikiwa na kumbukumbu chungu. Nilipokuwa naanza maisha yangu Jericho, niliingiza kiti kimoja kizuri cha mkono wa pili bila kukikagua, tukalala vibaya kwa miezi minne, na mwishowe tukakitoa kiti, godoro na mapazia. Jua peke yake haliwamalizi. Kitambaa na sponji ya zamani viachwe kwa fundi, wala visije nyumbani kabisa, na mbao tupu zimwagiwe maji yanayochemka kwenye kila kiungo kisha zikauke vizuri kabla ya kuvishwa.

Rafu ya ukutani isahau. Rafu ndefu ya kuegemezwa nayo siipendi katika nyumba ambayo mwakani itakuwa na mtoto anayejivuta ili asimame, kwani isipofungwa ukutani itamwangukia. Undeni benchi refu la kimo cha magoti kwa mbao zile zile za paleti, likae chini ya dirisha likiwa na nafasi mbili wazi ndani yake, na humo muweke viondo vya mkonge vya kuhifadhia nguo za mtoto. Nenda ukavichague Kariokor, soko ambalo jina lake limetokana na kambi ya wapagazi wa Carrier Corps wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na ambalo hadi leo wafumaji na washona ndara za matairi wanauza humo.

Matairi yako uliyonunua ni mali, ila yaoshe ndani kwa sabuni na brashi, na uyaweke kwenye roshani kama unayo, kwa sababu harufu ya mpira katika sebule ndogo hukaa muda mrefu na mpira haupaswi kuwa karibu na jiko. Toboa matundu matatu upande wa chini ili maji ya mvua yasituame na kuzaa mbu. Funika uwazi wa juu kwa duara la ubao, kisha anza kuzungusha kamba ya mkonge kutoka katikati ukielekea nje, ukiibana kwa gundi kidogo kidogo. Nimekufanyia hesabu: tairi lenye upana wa sentimita 60 na kimo cha 20, likizungushiwa kamba ya unene wa sentimita 1, hutaka mita 28 juu na mita 38 ubavuni. Ni mita 66 kwa tairi moja, na kwa mawili nunua 140 ili usipungukiwe.

Au usinunue kabisa. Mama mkwe wako anatoka Mwatate, penye mashamba makubwa ya mkonge, na bila shaka anajiuliza aje na nini cha kuwafaa. Mwambie mume wako ampigie simu jioni hii amwombe kamba, amtajie unene na urefu, na amweleze kwamba stuli hizo mtazifunga pamoja naye atakapofika.